Balbu ya LED: Kitako, Umbo na Ukubwa Unaofaa Nyumba Yako

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi yaliyo kando ya barabara kuu ya Nanyuki–Meru mjini Timau, mteja anayetaka balbu huulizwa kwanza swali moja fupi: "Ya pini au ya skrubu?" Wengi hulijibu kwa kubahatisha. Jioni balbu inafika nyumbani na kukataa kuingia kwenye holda, na kwa anayeishi Ngusishi au Ntirimiti, nauli ya boda ya kurudi mjini inaweza kuzidi bei ya balbu yenyewe. Njia rahisi ya kuepuka safari hiyo ni kuzima stima, kuitoa balbu iliyoungua na kwenda nayo dukani. Hata hivyo, kuna mambo mengine ambayo balbu ya zamani haiwezi kumwonyesha mwenye duka, na ndiyo yanayoamua kama tokeni zitadumu mwezi mzima.

Tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya stima ya nyumbani ni ya wateja wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi. Kabla ya hapo kiwango hicho kilikuwa yuniti 100. Nyumba yenye balbu nne za zamani za waya, kila moja ya wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, hutumia yuniti 36 kwa mwezi kwa taa pekee. Imeshavuka mpaka kabla redio, simu au pasi havijaguswa. Balbu nne za LED za wati 9, zenye mwangaza uleule na kwa saa zilezile, hutumia yuniti 5.4. Kwa familia inayonunua tokeni kidogo kidogo, tofauti hiyo inatosha kuibakisha katika kundi la bei nafuu au kuitoa.

Kitako kwanza

Sehemu ya balbu inayoingia kwenye holda huitwa kitako, na aina yake huandikwa kwenye boksi kwa herufi na nambari. B22 ndiyo balbu ya pini. Kitako chake kina upana wa milimita 22 na pini mbili ndogo ubavuni. Husukumwa ndani kisha huzungushwa kidogo. Herufi B inatokana na jina la Kiingereza la singe, ile inayofungwa kwenye mdomo wa bunduki kwa namna iyo hiyo. Mtindo huu ulikuja na Waingereza, na ndiyo sababu nyumba nyingi za zamani nchini Kenya zina holda za pini. E27 ni ya skrubu, upana wake ni milimita 27, na E inasimama badala ya jina la Edison, Mmarekani aliyeueneza. E14 pia ni ya skrubu lakini nyembamba. Hupatikana kwenye taa za mezani na za mapambo. GU10 ina miguu miwili minene iliyoachana kwa milimita 10, nayo hukaa ndani ya dari.

Dukani kuna vipande vidogo vya kugeuza holda ya pini iwe ya skrubu. Vinafanya kazi, lakini huirefusha balbu ikatokeza nje ya kifuniko, na kila kiungo kinachoongezwa ni mahali pengine pa kulegea na kupata moto. Ni afadhali fundi abadilishe holda mara moja.

Wanaotumia sola wana hatari yao ya pekee. Balbu za volti 12 za mifumo ya sola mara nyingi huwa na kitako cha E27 sawasawa na za stima ya kawaida, na kwa macho hazitofautiani. Ya volti 12 ikiwekwa kwenye stima ya volti 240 huungua papo hapo na inaweza kupasuka karibu na uso wa anayeiweka. Ya volti 240 ikiwekwa kwenye sola haitawaka kabisa, na mwenye nyumba atalaumu betri isiyo na kosa. Nyumba iliyounganishiwa stima baada ya miaka ya sola ifunge balbu zote za zamani kwenye mfuko mmoja na kuuandika "volti 12" kwa kalamu ya wino mzito.

Umbo na nambari zake

Balbu ya kawaida yenye umbo la peasi huitwa A60. Herufi ni ya umbo, na 60 ni upana wake kwa milimita mahali palipo panene zaidi. Maboksi mengine huandika A19, na mnunuzi hudhani ni ndogo mara tatu. Siyo. Wamarekani huhesabu kwa sehemu za inchi iliyogawanywa mara nane, na sehemu 19 za aina hiyo ni kama milimita 60. Ni balbu ileile. G45 ni ya duara, ndogo kama mpira wa gofu, na C37 ina umbo la mshumaa; zote mbili hufaa pale ambapo kifuniko cha taa ni chembamba.

Mrija mrefu unaoning'inia madarasani, makanisani na madukani mara nyingi ni T8, na hapa nambari inarudi kwenye zile sehemu za inchi: nane kwa nane, yaani inchi moja ya upana. Lakini zile balbu kubwa za LED zenye umbo la mkebe huandikwa T80 au T100, na hapo nambari ni milimita. Watengenezaji hawakumwonea huruma mnunuzi katika jambo hili.

Balbu za mkebe zinapendwa kwa sababu zina mwangaza mwingi, nazo zinafaa ghalani au kwenye duka lenye dari ya juu. Ndani ya chumba cha kulala zinaumiza macho. Tena ni nzito: holda inayoning'inia kwa waya mwembamba haikuundwa kubeba uzito huo, na baada ya miezi waya huanza kuchomoka kwenye skrubu zake.

Umbo pia huamua mwanga unaenda wapi. Balbu ya waya ilitoa mwanga pande zote. LED nyingi zina shingo ya plastiki au aluminiamu inayozuia mwanga kurudi nyuma, hivyo humulika zaidi mbele. Ikining'inia katikati ya chumba hilo si tatizo. Ikiwa holda imefungwa ukutani na balbu imelala, mwanga mwingi utaenda kwenye ukuta wa mkabala na sakafu ibaki na giza. Hapo inafaa holda iliyopinda kuelekea chini, au balbu ya LED ya kioo yenye nyuzi ndani, ambayo humulika karibu pande zote.

Usinunue kwa wati pekee

Wati hueleza stima inayoliwa. Mwangaza unaotoka hupimwa kwa lumeni, nazo huandikwa kwenye boksi, mara nyingi kwa maandishi madogo kuliko yanavyostahili. Balbu ya zamani ya wati 40 ilitoa takriban lumeni 470, kazi ambayo LED ya wati 5 huifanya leo. Ya wati 60 ilitoa karibu 800, na hiyo ni LED ya wati 8 au 9. Ya wati 100 ilikaribia 1,500, sawa na LED ya wati 13 hadi 15. Ikiwa balbu mbili zina wati 9 na moja ina lumeni 600 na nyingine 900, ya pili ndiyo ya kununua, hata ikizidi bei kidogo.

Kwa chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, ambacho ni kama mita 9 za mraba, lumeni 100 kwa kila mita ya mraba zinatosha kwa kukaa na kuzungumza. Balbu moja ya lumeni 800 au 900 inafika hapo. Palipo na kazi ya macho, kama vile kukatakata mboga, kushona au mtoto kufanya kazi ya shule, mahitaji hupanda hadi lumeni 300 kwa mita. Hakuna haja ya kuweka balbu kubwa darini kwa ajili ya daftari moja. Taa ya mezani yenye balbu ya wati 5, ikiwa karibu na daftari, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Nyumba ya mbao iliyoingia moshi wa jikoni humeza mwanga mwingi, na wakati mwingine rangi nyeupe darini husaidia kuliko balbu ya pili.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. 2700 au 3000 ni ya manjano, kama taa ya zamani, na hufaa sebuleni na chumbani. 4000 ni nyeupe ya kawaida. 6500 ni nyeupe inayokaribia samawati, na ndiyo imejaa madukani. Watu huiona kuwa kali zaidi na hivyo bora, lakini si lazima iwe na lumeni nyingi kuliko ile ya manjano. Taa ya nje ya manjano pia huvutia wadudu wachache.

Mahali ambapo LED si jibu

Wafugaji wengi wa kuku hutumia balbu ya zamani kuwapasha joto vifaranga. Sehemu kubwa ya stima inayoliwa na balbu hiyo hugeuka kuwa joto, na kasoro hiyo ndiyo humfaa kifaranga, anayehitaji takriban nyuzi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza. Katika baridi ya usiku ya upande huu wa Mlima Kenya, mfugaji anayeweka LED ya wati 9 mahali pa balbu ya wati 100 ataona banda linang'aa vizuri, na asubuhi atakuta vifaranga wamelundikana pembeni, wengine wamekufa. LED itumike kwa mwanga tu; joto litoke kwenye taa maalumu ya joto au jiko la vifaranga.

Ghala la viazi nalo lina sharti lake. Viazi vya kula vikikaa kwenye mwanga, hata wa LED, hubadilika kuwa vya kijani na kutengeneza sumu ya solanini. Balbu ndogo inatosha, nayo izimwe mara mtu anapotoka.

Zizini kwenye unyevu, na nje kwenye mvua, balbu ya kawaida haifai bila kifuniko. Hapo inahitajika taa iliyoandikwa IP65, maana yake haipitishi vumbi wala maji yanayorushwa. Kufunga balbu ya kawaida ndani ya kibuyu cha glasi kisichopumua nako kuna gharama. Vijitaa vya ndani ya LED huvumilia miaka mingi, lakini saketi iliyo shingoni huchoshwa na joto. Boksi linaloahidi saa 15,000, yaani zaidi ya miaka minane kwa saa tano za kila usiku, linazungumzia balbu inayopata hewa.

Baridi, kwa upande mwingine, ni rafiki wa LED. Zile taa za kuokoa umeme zilizojipinda, ambazo serikali ilizigawa kwa wingi mwaka 2010 kupitia Kenya Power, huchukua muda kuwaka vizuri alfajiri ya baridi. Anayekamua ng'ombe saa kumi usiku anaijua hali hiyo. LED huwaka yote mara moja.

Kabla ya kulipa

Boksi liwe na alama ya ubora ya KEBS na nambari ya kibali chini yake. Nambari hiyo huthibitishwa kwa kutuma ujumbe mfupi wenye SM# ukifuatwa na nambari yenyewe kwenda 20023. Palipo na stima inayopanda na kushuka, inafaa balbu yenye kiwango kipana, mfano volti 85 hadi 265, badala ya iliyoandikwa 220 hadi 240 tu. Mwenye duka aombwe aiwashe mbele ya mteja na aandike risiti.

Nyumbani, balbu ya LED ikiendelea kumweka au kung'aa kidogo baada ya swichi kuzimwa, isidhaniwe kuwa ni mbovu. Huenda swichi ina kijitaa chake ndani. Huenda pia fundi alipitisha waya wa nyutro kwenye swichi badala ya laivu, na hilo ni hatari: holda ina stima hata swichi ikiwa imezimwa, na anayebadilisha balbu anaweza kupigwa. Aitwe fundi mwenye leseni ya EPRA, na kabla ya kugusa holda swichi kuu izimwe.

Fundi huyohuyo ahusishwe pale mrija wa zamani unapobadilishwa kuwa wa LED. Stata hutolewa na choki hurukwa, na nyaya huunganishwa kwa kufuata mchoro wa mtengenezaji, kwa sababu baadhi ya mirija hupokea stima upande mmoja na mingine pande zote mbili. Mrija wa zamani una zebaki ndani yake. Usivunjwe wala kutupwa kwenye shimo la taka karibu na kisima. Ufungwe kwenye katoni ya ule mpya na kuwekwa mbali na watoto hadi upelekwe kwa wanaokusanya taka za vifaa vya umeme.