Viti vya Gari Kuukuu na Unyevu wa Bonde la Kilombero

Wakati wa masika, mto Kilombero hufurika na hewa ya Ifakara hujaa mvuke. Kiti cha Land Rover kuukuu, hata kikiwa kivulini, huharibika humo kutoka ndani.

Sponji ndiyo huumia zaidi. Sponji nyingi hutengenezwa kwa poliyurethani. Katika baadhi ya aina zake maji hukata minyororo ya molekuli, na hatimaye sponji huvunjika ikawa unga. Kabla ya hapo hushika unyevu na kuuegemeza kwenye fremu ya chuma, nayo hupata kutu. Kwa hiyo fundi anayeshona kifuniko kipya juu ya sponji yenye unyevu huwa ameuficha ugonjwa tu.

Kifuniko cha plastiki ya PVC kina kisa kingine. PVC kwa asili ni ngumu; kiwandani huchanganywa na kilainishi, ambacho joto hukifukuza polepole mpaka kifuniko kikakamae na kupasuka. Mafuta ya kupikia hayarudishi kilichotoka, bali huweza kulisha kuvu.

Kifuniko cha zamani kifumuliwe mshono kwa mshono, kisichanwe, kwani vipande vyake ndivyo kielelezo cha kukatia vipya. Fremu isuguliwe, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, ikauke kabisa.

Je, sufi ingefaa badala ya sponji? Nyuzi zake zina uwazi ndani na nta juu, hivyo hukataa maji. Ila hubonyea na kushika moto upesi. Wanafunzi wapime gramu 10 za sufi na gramu 10 za sponji, wazitumbukize majini dakika 5, wazining'inize zichuruzike, kisha wapime tena.