SOMO KWA BODI NA WATUMISHI WA VYAMA: Fao la Kukosa Ajira na Jinsi ya Kulidai

Msimu unapokwisha, maghala yakafagiwa na mizani ikafunikwa, ndipo vyama vingi vya msingi hukaa kupunguza watumishi. Karani wa mizani, mtunza ghala na mlinzi hupewa barua, wakaagwa, wakarudi majumbani. Jambo lisilosemwa sana siku hiyo ni kwamba tangu mwaka 2018 sheria ya Tanzania humpa mtumishi aliyepoteza kazi haki ya kulipwa kwa muda na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, wakati akitafuta kazi nyingine. Haki hiyo ni fao la kukosa ajira. Wengine huliita fao la upotevu wa ajira. Somo hili laeleza jinsi fao hilo linavyopatikana, na zaidi jinsi linavyopotea. Kwani mara nyingi hupotezwa ndani ya ofisi ya chama chenyewe, kabla mtumishi hajaufikia mlango wa Mfuko.

Fikra ya kumsaidia aliyekosa kazi kwa fedha za mchango si ngeni kwa wanaushirika. Huko Ulaya vyama vya wafanyakazi vilikuwa na visanduku vya namna hiyo kabla serikali hazijaingia katika jambo hili. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1911: mfanyakazi, mwajiri na serikali walichanga pamoja, na aliyekosa kazi alilipwa shilingi 7 kwa juma, kwa majuma yasiyozidi 15 katika mwaka mmoja. Sheria hiyo ilimnyima malipo ya majuma sita mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake bila sababu ya haki. Sheria ya Tanzania ni kali kuliko hiyo. Aliyeacha kazi kwa hiari hapati fao hili hata kidogo.

Hapo ndipo penye shina la somo. Ili mtumishi apate fao, hana budi awe raia wa Tanzania, awe hajatimiza umri wa miaka 55, awe amechangiwa katika Mfuko kwa miezi isiyopungua 18, athibitishe kuwa hajapata ajira nyingine, na kazi yake iwe imekoma kwa sababu isiyo kujiuzulu. Masharti ya uraia na umri hayana utata. Yanayowaangusha wengi ni mawili: barua na michango.

Na ianze barua. Chukuliwe mfano wa karani aliyetumikia chama miaka saba. Mavuno yamepungua, ushuru umepungua, na bodi haiwezi tena kumlipa. Mwenyekiti, kwa kumwonea haya, humwita kando na kumwambia, “Mwanangu, andika barua ya kuacha kazi, tuagane kwa heshima, ukifukuzwa jina lako litachafuka.” Karani humjibu, “Sawa, Mzee,” akaandika. Pande zote mbili huondoka zikidhani zimetendeana wema. Kumbe kwa mistari ile michache karani amejivua fao la miezi sita, na chama kimeweka katika jalada maneno yasiyo ya kweli, kwa kuwa yeye hakuacha kazi. Kazi ndiyo iliyomwacha. Huruma ya namna hii ni ghali mno, na anayeilipia si yule aliyeitoa.

Kupunguzwa kazi si fedheha, na barua inayosema hivyo haimchafui mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka utaratibu wake: mwajiri hutoa taarifa ya nia ya kupunguza, hueleza sababu, na hushauriana na wahusika juu ya njia za kuepusha au kupunguza madhara. Bodi iliyofuata utaratibu huo haina sababu ya kuomba barua ya kujiuzulu. Iandike wazi: kazi imekoma tarehe fulani kwa sababu ya upungufu wa shughuli. Ikiwa mkataba wa msimu umefikia mwisho wake, iseme kwamba mkataba umekwisha muda. Isiseme kwamba mtumishi “ameondoka”, neno lisiloeleza ni nani aliyeamua. Ni kweli kwamba sheria hiyo humhesabu kama aliyeachishwa na mwajiri yule aliyejiuzulu kwa kuwa mwajiri aliifanya kazi isivumilike. Lakini hayo yapaswa kuthibitishwa, na mtu asiye na mshahara hana nafasi kubwa ya kuthibitisha.

Jambo la pili ni michango. Kila mwezi asilimia 20 ya mshahara hupelekwa katika Mfuko, na kwa kawaida nusu hukatwa kwa mtumishi na nusu hutoka kwa mwajiri. Miezi 18 inayotakiwa ni ile iliyochangiwa, wala si ile mtu aliyokaa kazini. Mlinzi wa msimu anayeandikishwa kwa miezi minne kila mwaka hawi na miezi 18 hata baada ya misimu minne, kwani jumla yake ni 16 tu; na mhasibu akiruka miezi miwili katika kila msimu, jumla hiyo hushuka hadi minane. Kukata mshahara wa mtu na kutoupeleka mchango ni kosa kisheria. Lakini adhabu atakayopewa mwajiri haimlishi mtumishi siku ile anapoambiwa dirishani kuwa hesabu yake haijatimia. Kwa hiyo mtumishi asingoje kuachishwa ndipo aulize. Aombe taarifa ya michango yake angali kazini, walau mara moja kwa mwaka, na ailinganishe na hati zake za mshahara. Aangalie pia kama jina lililoandikwa katika Mfuko ni lile lile la kitambulisho cha Taifa, herufi kwa herufi.

Malipo yenyewe ni asilimia 33.3 ya mshahara wa mwezi, kwa muda usiozidi miezi sita. Aliyekuwa akipata shilingi 450,000 hulipwa 149,850 kwa mwezi, na kwa miezi sita jumla yake ni 899,100. Si utajiri, lakini hununua unga na kulipa kodi ya chumba. Aliyechangiwa chini ya miezi 18 haachwi mikono mitupu: hupewa kwa mkupuo nusu ya michango yake mwenyewe. Karani wa mshahara wa shilingi 300,000, aliyekatwa 30,000 kwa miezi 14, ana michango ya shilingi 420,000; atapata 210,000. Wako wanaokwenda Mfukoni wakitaka kuchukua chao chote, kama ilivyokuwa zamani. Fao la kujitoa liliondolewa na mabadiliko yale ya mwaka 2018, na kubishana na karani wa dirishani hakulirudishi.

Mwenye kudai achukue fomu katika ofisi ya Mfuko, aende na barua ya kukoma kwa kazi, mkataba wake, kitambulisho, namba ya uanachama na maelezo ya akaunti ya benki iliyo kwa jina lake, abaki na nakala ya kila karatasi, na aandike tarehe aliyowasilisha. Akipata kazi nyingine kabla ya miezi sita, autaarifu Mfuko, kwani fao hili ni la asiye na kazi. Mtumishi aliyeandikishwa zamani katika mmojawapo wa mifuko minne iliyounganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018 aulize kwanza kumbukumbu zake zipo wapi.

Fao hili lisichanganywe na malipo ya mwisho yanayotoka kwa chama: mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuichukua, malipo badala ya notisi, na kiinua mgongo cha siku zisizopungua saba za mshahara kwa kila mwaka uliotimia, kwa miaka isiyozidi kumi, pamoja na cheti cha utumishi. Kupokea hayo hakumfungii mtu mlango wa Mfuko. Na anayeamini ameachishwa bila haki ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo huhesabiwa hata kama angali akingojea majibu ya fao, kwa hiyo asingoje.

Maswali kwa kikundi cha kujifunza: Ni watumishi wangapi wa chama chenu wana namba ya uanachama wa Mfuko? Mchango wa mwisho ulipelekwa kwa mwezi gani? Chukueni barua moja ya mtumishi aliyeondoka mwaka jana na kuisoma pamoja: je, inaonyesha ni nani aliyeikomesha kazi ile, na kwa sababu gani?