Kila kituo kiache jibu lake

Anayechora ramani ya joto kati ya miji ya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, ana vipimo vichache na milima mingi. Pasipo kipimo, kompyuta hukadiria kutokana na vituo vya jirani. Ili kujua kama makadirio yanaaminika, huficha kituo kimoja, hukikadiria kwa kutumia vingine, kisha hulinganisha. Na hivyo hivyo mpaka vituo viishe. Mtaalamu wa takwimu za ramani anawajibu wanafunzi wanaofanya kazi hiyo kwa lugha ya R.

Mwalimu, mzunguko wangu umepita vituo vyote bila kulalamika, lakini mwishoni nina jibu moja tu. Mengine yako wapi?

Umeyafuta mwenyewe. Kila zamu imeandika juu ya jina lile lile, kwa hiyo limebaki la kituo cha mwisho. Mfanyabiashara wa Butembo hafuti mauzo ya Jumatatu ili apate pa kuandika ya Jumanne! Andaa orodha tupu kabla ya kuanza, kila zamu iwe na nafasi yake:

```
n <- nrow(vituo)
matokeo <- vector("list", n)
for (i in seq_len(n)) {
  k <- idw(joto ~ 1, vituo[-i, ], vituo[i, ], idp = 2)
  matokeo[[i]] <- data.frame(
    kituo = vituo$jina[i],
    halisi = vituo$joto[i],
    kadirio = k$var1.pred)
}
jedwali <- do.call(rbind, matokeo)
```

Amri ya `idw`, inayokadiria kwa uzito wa umbali, inatoka kwenye kifurushi cha `gstat`. Mstari wa mwisho unaunganisha vipande vyote kuwa jedwali moja, mara moja tu, nje ya mzunguko. Ukiunganisha ndani yake, R hunakili jedwali zima kila zamu. Kwa vituo ishirini hutaona tofauti. Kwa maelfu utapika chai na kuimaliza.

Kwa nini nihifadhi jina la kituo na namba zote mbili? Mimi nahitaji wastani wa kosa tu.

Hapa ndipo ninapogombana na wengi. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Beni, mwendo wa kilomita 50 na kidogo kwa barabara, iko chini yake kwa mita mia kadhaa. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Tuseme Butembo ndiyo kituo chako cha juu kuliko vyote, na chenye baridi zaidi. Ukikificha, njia hii ya uzito wa umbali haiwezi kamwe kutoa joto la chini kuliko la vituo vilivyobaki, kwa kuwa inachofanya ni kuvichanganya tu. Butembo lazima itoke na joto lililozidi. Beni nayo, ikikadiriwa kutoka kwa majirani wa milimani, itatoka na baridi iliyozidi. Ziada na upungufu vikikutana kwenye wastani, kosa linakaribia sifuri, nawe unafurahia ramani mbovu.

Ukiyapandisha makosa kipeo cha pili kwanza, hayafutani tena, ila bado hujui yako wapi. Jedwali lenye majina linakuonyesha kwamba kosa linafuata mlima. Hapo unaingiza urefu wa mahali kwenye hesabu, `joto ~ urefu`, kwa kutumia krigingi, njia iliyopewa jina la Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini. Urefu wenyewe utaupata kwenye ramani za SRTM, zilizopimwa kutoka angani Februari 2000.

Zamu moja ikikwama je?

Izungushie `tryCatch`, lakini usirudishe `NULL`. Katika R, kuweka `NULL` kwenye nafasi ya orodha ni kuiondoa nafasi yenyewe: nafasi ya sita ikiondoka, ya saba inakuwa ya sita, na zamu zinazofuata zinaandika mahali pasipo pao. Rudisha mstari wa jedwali wenye jina la kituo, na `NA` mahali pa kadirio.

Na ramani za kila zamu?

Ziandike diskini kwa `writeRaster` ya kifurushi cha `terra`, faili moja kwa kila zamu, jina likiwa na kituo na njia uliyotumia. Rasta ya `terra` ni kielekezi tu. Ukiihifadhi kwa `save()` na kuifungua kesho, inaelekeza hewani. Jedwali, lihifadhi kwa `saveRDS`, na kazi ikiwa ndefu lihifadhi kila baada ya zamu kadhaa. Umeme hausubiri mzunguko uishe.

Nina vipima joto viwili mjini Butembo. Nivifiche kimoja kimoja?

Hapana, utajidanganya. Ukificha cha kwanza, cha pili kinamjibia mwenzake kutoka mtaa wa pili. Ongeza safu ya `mji` kwenye jedwali la vituo, uzungushe mzunguko kwa miji badala ya vituo, na Butembo yote itoke kwa pamoja. Kosa litapanda. Hilo ndilo la kuandika kwenye ripoti.