Kuongezeka na Kupevuka: Istilahi za Ukuaji wa Korodani za Panya

Neno 'kukua' likitumiwa peke yake kuelezea mabadiliko ya korodani za panya baada ya kuzaliwa, huficha hatua mbili tofauti. Hatua ya kwanza ni kuongezeka: seli za Sertoli, zilizoelezwa na Enrico Sertoli mwaka 1865, hugawanyika kwa takribani wiki mbili hadi tatu. Hatua ya pili ni kupevuka: seli hizo huacha kugawanyika, hujenga kizuizi kati ya damu na mirija ya mbegu, na kukamilisha uwezo wa kulea seli za uzazi. Kwa kuwa kila seli hulea idadi maalumu tu, wingi wake wa utotoni huamua kiasi cha mbegu ukubwani.

Panya wachanga wanaopunguziwa homoni ya thairoidi kwa muda huchelewa kupevuka. Kwa hiyo seli hizo huendelea kuongezeka, na baadaye korodani zao huwa kubwa kuliko za wenzao. Msomaji aliyepewa 'kukua' pekee ataliona jambo hilo kuwa kitendawili. Hivyo basi, mwandishi wa baiolojia kwa Kiswahili hana budi kuzitenganisha istilahi hizo.