Chumvi ya Ufunguo: Tovuti Mbili, Stoo Moja

Wanachama wenzangu, Kiswahili chetu kinaijua chumvi ya chakula, na kinajua pia kutia chumvi, yaani kupiga habari chuku. Leo nawaletea chumvi ya tatu, ile ya mafundi wa tovuti. Hii haina ladha wala uwongo, lakini ikikosekana, tovuti yenu inaweza kuamka asubuhi ikiwa na jina la jirani. Basi tufuatane polepole.

Tovuti zinazoundwa kwa WordPress huweka mambo yake katika hifadhidata. Ukifungua ukurasa mmoja tu, programu huiuliza hifadhidata maswali makumi: jina la tovuti ni lipi, anwani yake ni ipi, mwandishi ni nani? Wakija wasomaji mia kwa mpigo, maswali ni yale yale na majibu ni yale yale. Ndiyo maana mwaka 2003 Brad Fitzpatrick, aliyekuwa akiendesha LiveJournal huko Marekani, aliunda Memcached. Hiyo ni stoo iliyo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, ambamo jibu lililokwisha kutafutwa huwekwa ili lichukuliwe upesi. Mwaka 2009 Mwitaliano Salvatore Sanfilippo akatoa Redis, nayo hutumika vivyo hivyo. Mafundi huiita stoo hii kache, nami nitawafuata.

Kila kitu kiingiacho kwenye kache hupewa ufunguo. Si wa kufuli, jamani. Ni jina tu la kukitafutia. Hebu fikirieni masanduku yetu ya bati bwenini. Kila moja limepakwa namba ya mwanafunzi, tuseme 4127, na hapa kwetu namba hiyo yatosha. Sasa twende tamasha la muziki, tulazwe darasa moja na shule nyingine, masanduku yote yarundikwe pembeni. Kule nako kuna 4127! Ukimtuma mtu akuletee 4127, ataleta lolote litakalomjia mkononi, na hana kosa. Dawa ni kupaka jina la shule mbele ya namba. Jina hilo ndilo chumvi.

WordPress ina mazoea ya kuyapa majedwali yake kiambishi wp_, na watu wengi hukiacha hivyo hivyo. Mipangilio inayotumika mara kwa mara, ikiwemo anwani na jina la tovuti, hukusanywa kwenye kache kwa jina alloptions. Tovuti mbili zikitumia Memcached moja bila chumvi, funguo zao zafanana kabisa, na aliyeandika mwisho ndiye anayesomwa na wote. Msomaji aandika anwani ya shule, mara ajikuta ametupwa kwenye tovuti ya duka la viatu. Hilo ni la kuchekesha. Lisilochekesha ni kwamba mtumiaji wa kwanza, ambaye aghalabu ndiye msimamizi, huwa ni namba 1 katika kila tovuti, na habari zake pia huingia kache, pamoja na alama inayotumiwa kupima neno lake la siri. Tovuti yako inaweza kumpima mtu kwa alama ya jirani na kumfungulia mlango!

Chumvi yenyewe hutiwa kwa mstari mmoja katika faili ya wp-config.php:

define('WP_CACHE_KEY_SALT', 'chama_kiswahili_');

Mstari huo ukae juu ya ule unaoita wp-settings.php, kwa sababu kache huamshwa humo. Ukiuweka chini umechelewa. Neno lenyewe liwe fupi, maana ufunguo wa Memcached hauruhusiwi kupita baiti 250, wala usiwe na nafasi ndani yake. Mimi napenda jina la tovuti likifuatwa na herufi chache za ovyo ovyo.

Kuna mtego hapa. Fundi akitaka kufanya majaribio, hunakili tovuti nzima, wp-config.php ikiwemo. Chumvi nayo inanakiliwa! Nakala na tovuti halisi zikiwa kwenye kache moja, zinaanza tena kuchanganyikiwa, na safari hii ni vigumu kugundua kwa sababu zafanana sura. Nakala ipewe chumvi yake kabla haijawashwa.

Tena, msidhani chumvi hii ni ulinzi. Katika maneno ya siri, chumvi ni herufi za kubahatisha zinazochanganywa na neno ili alama zake zisifanane na za mwingine. Hii yetu ni kitambulisho tu, na kwa maoni yangu waliyeiita chumvi walitupotosha. Mtu anayeweza kuifikia Memcached kwenye mlango wake wa kawaida, namba 11211, anaweza kuzisoma tovuti zote zilizomo, zenye chumvi na zisizo nayo. Mlango huo ufungwe kwa watu wa nje.

Faida moja ndogo imebaki. Amri ya Memcached ya kufuta kila kitu, flush_all, haibagui. Ukiitoa, umemfutia na jirani, naye seva yake italemewa ghafla. Ukitaka kufuta vyako peke yako, badilisha chumvi, kwa mfano chama_kiswahili_2_. Vile vya zamani havitaulizwa tena na mtu, na stoo ikijaa Memcached itavitupa yenyewe, ikianza na vilivyokaa muda mrefu bila kuguswa.