GHULUL: SOMO JUU YA MALI YA WATU WOTE WAKATI WA VITA NA BAADA YAKE

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Amma baadu. Katika madhambi ambayo watu huyaona makubwa yakitendwa na wengine, na huyaona madogo yakitendwa na mikono yao wenyewe, ni kula mali ya watu wote. Killa inapotoka khabari ya fedha ya serkali iliyopotea, katika baraza za Tanga na Pangani watu huwaka hasira, na haki wanayo. Wallakin hasira isiyo na ilimu ni kama jahazi lisilo na usukani: upepo hulipeleka utakako. Somo hili labainisha mambo matatu: ghulul ni nini, mali hiyo hupotea kwa njia gani, na mwenye kukasirika inampasa nini.

FASLI YA KWANZA: MAANA YA GHULUL

Asili ya ghulul ni kuficha kitu katika ngawira kabla haijagawanywa. Ngawira ni mali ipatikanayo vitani, na kabla ya kugawanywa haina bwana mmoja: ni ya jeshi zima, na ndani yake mna fungu la mayatima, masikini na wasafiri. Kwa sababu hiyo wanavyuoni waliipanua hukumu yake hatta ikaingia mali yote ya Baitulmali. Katika Surat Al Imran, aya ya 161, imebainishwa ya kuwa mwenye kughuli atakuja Siku ya Kiyama na kile alichokighuli.

Na katika hadithi za Bukhari na Muslim imepokewa khabari ya Mid'am, mtumishi wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Baada ya vita vya Khaibar, mwaka wa 7 wa Hijra, alipigwa na mshale akafa, na watu wakamtolea bishara ya Pepo. Mtume akawajulisha ya kuwa shuka aliyoitwaa siku ya Khaibar kabla ya mgawo inamwakia moto. Mtu mmoja alipoyasikia hayo akaleta gidamu ya kiatu, moja au mbili, akairudisha.

Tena iko khabari ya Ibn Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka. Aliporudi alitenga mali mafungu mawili, akasema hili lenu na hili nimezawadiwa. Mtume akapanda mimbari, akauliza kama mtu huyo angalikaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, zawadi hiyo ingalimfuata huko?

Hupatikana hapa mafunzo matatu. Uchache wa kitu haumwokoi mtu, kwani gidamu ilirudishwa. Sifa njema haimwokoi, kwani Mid'am alikufa safarini pamoja na Mtume. Na jina la zawadi halimwokoi, kwani zawadi iliyokuja kwa ajili ya kazi ni mali ya kazi.

FASLI YA PILI: UJIRA WA WAPAGAZI

Mnamo Novemba 1914 jeshi la Waingereza, askari kama 8,000, wengi wao kutoka Bara Hindi, lilishuka Tanga likashindwa na Wadachi, ambao askari wao walikuwa kama 1,000. Mwezi wa Julai 1916 Waingereza wakautwaa mji. Katika miaka ile minne hapakuwa na reli wala gari ya kutosha, na tsetse waliua wanyama. Basi chakula na risasi vilichukuliwa kwa vichwa vya watu. Upande wa Waingereza peke yake waliandikwa wapagazi wanaokaribia milioni moja au kupita, na waliokufa wahesabiwa kuwa 95,000 au zaidi, wengi wao kwa njaa na maradhi ya tumbo, si kwa risasi. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam ni ukumbusho wa kambi yao.

Upande wa Wadachi fedha ilikatika kwa sababu bahari ilifungwa. Serkali yao ikachapa noti za muda, na watu waliotoa nafaka, ng'ombe na nguvu zao wakalipwa karatasi hizo. Vita vilipokwisha, wengi waliokuwa nazo walibaki na karatasi isiyonunua kitu.

Upande wa Waingereza mambo yalikuwa mengine. Mpagazi alikuwa na ujira wake katika daftari. Wallakin wengi walikufa, na jina limeandikwa kwa makosa, au mji wake haukutajwa, au warithi hawakuitwa. Fedha ikabaki haina mdai. Baada ya vita maofisa wa Nairobi, miongoni mwao Oscar Watkins aliyekuwa mkuu wa wapagazi, walitaka fedha ile itolewe kwa manufaa ya watu wa nchi waliotoa wapagazi, London haikukubali.

Katika fiqhi, mali ambayo mwenyewe hajulikani haiwi halali kwa aliyeishika. Kwanza hutafutwa mwenyewe au mrithi wake. Akikosekana kabisa, mali hutumiwa katika maslaha ya watu. Basi aliyesema fedha ile ni yetu kwa kuwa hakuna aliyeidai, hoja yake ni hoja ya mtu aliyeokota mkufu njiani akauvaa.

FASLI YA TATU: RADA

Mfano wa pili ni wa zama za karibu. Mwaka 2001 Uingereza ilitoa ruhusa ya kuiuzia Tanzania mtambo wa rada wa kampuni ya BAE Systems, kwa bei ya pauni milioni 28, na nchi ikaununua kwa mkopo. Benki ya Dunia na waziri wa misaada wa Uingereza, Clare Short, waliulaumu ununuzi huo, kwamba bei ni kubwa na mtambo ni zaidi ya haja ya nchi masikini. Baadaye ikadhihirika ya kuwa dola kama milioni 12 zilipitishwa kwa wakala wa biashara.

Disemba 2010 kampuni ilikiri mbele ya mahakama ya London kosa la kutoandika hesabu zake sawasawa, ikatozwa faini ya pauni 500,000. Mwaka 2012 ikailipa Tanzania pauni milioni 29.5, zilizokusudiwa vitabu na madawati ya shule za msingi. Na azingatie msomaji: kosa lililokiriwa halikuwa rushwa, lilikuwa hesabu. Fedha ilitoka, na daftari halikusema kweli ilikwenda wapi.

Basi mifano hii miwili, iliyo mbali kwa miaka, imekutana mahali pamoja. Haki ya mpagazi ilipotea kwa jina lisiloandikwa vema, na fedha ya rada kwa malipo yasiyoandikwa vema. Wala si ajabu kwamba aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani, aya ya 282 ya Surat Al Bakara, ni aya ya kuandika deni na kuweka mashahidi.

FASLI YA NNE: HASIRA NA USHAHIDI

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilidhikika: sukari, sabuni na nguo vikaadimika, na watu wakasema vimefichwa. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serkali iliwakamata watu wengi kwa uhujumu wa uchumi, na sheria ikatungwa ya mabaraza maalum nje ya mahakama za kawaida. Watu walifurahi mwanzo. Wallakin wengine walitupa bidhaa zao vichakani kwa khofu, mali ya halali na ya haramu pamoja, na wako waliofungwa kabla ya kuthubutishwa kosa. Mwaka uliofuata sheria ile ikabadilishwa, mashauri hayo yakarudishwa Mahakama Kuu.

Mafunzo yake ni haya: aibiwaye ana haki ya kukasirika, wala hana haki ya kuhukumu kwa dhana. Katika sharia ushahidi humpasa mdai. Asemaye barazani "fulani kala" bila ya bayana, ameondoka na dhambi ya kusingizia, na mwizi wa kweli ameondoka na fedha.

FASLI YA TANO: MASUALA

Suala: Mtu amepata kandarasi ya kupeleka mchele katika kambi au shule, naye hupunguza pishi, kwa hoja ya kuwa serkali haiumii. Jawabu: Haramu. Serkali haina tumbo. Mwenye tumbo ni askari na mtoto, na hao ndio waliopunjwa.

Suala: Karani hupewa kilemba ili hati ya malipo itoke upesi. Jawabu: Kwa karani hilo ni la Ibn Lutbiyya lenyewe. Ama mtoaji, akitoa ili apate kisicho chake, ni mshirika wake. Akiwa amezuiliwa haki yake mwenyewe wala hana njia nyingine, wako wanavyuoni walioona ya kuwa dhambi ni ya mpokeaji. Na bora zaidi ni kushitaki.

Suala: Mtu alikula zamani, naye ataka kutubu. Jawabu: Majuto na istighfari peke yake havitoshi, maana haki ya watu hurudishwa. Arudishe kule alikoitoa. Asipoweza, aitumie katika maslaha ya watu wote, si kwa kujitukuza. Akijenga msikiti kwa mali hiyo akaandika jina lake mlangoni, ameongeza ria juu ya ghulul.

KHATIMA

Mwenye kukasirika kwa ajili ya mamilioni, na apime kwanza gidamu iliyo nyumbani mwake. Akiirudisha, ulimi wake utakuwa na nguvu atakapodai hesabu ya wakubwa. Asipoirudisha, wao watamjua kuwa mwenzao. Kisha na adai hesabu iliyoandikwa, mbele ya mashahidi, katika chama, katika wakfu, katika msikiti na katika serkali, wala asichoke.

Mwenyezi Mungu awarehemu wapagazi waliokufa na ujira wao haujalipwa, na awajaalie Waislamu kuwa waaminifu katika kidogo na kikubwa. Amin.