Shanta Mgongoni: Somo la Afya kwa Anayeanza Safari za Miguu Mkoani Songwe

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, una sura nyingi ndani ya mipaka yake. Tunduma na Mbozi zimekaa juu ya uwanda wenye ubaridi unaostawisha kahawa. Ileje ni nchi ya milima na mabonde yanayoteremka kuelekea Mto Songwe, ulio mpaka wa Tanzania na Malawi. Upande wa kaskazini, ardhi hushuka hadi bonde lenye joto la Ziwa Rukwa. Msafiri wa miguu anayebeba chakula, maji na malazi yake mgongoni anaweza kupita katika hali hizo zote ndani ya siku chache, na mwili wake hulazimika kuzikabili moja baada ya nyingine.

Somo hili linawahusu watu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule anayetaka kuanza kutembea kwa ajili ya afya na burudani: kijana wa Tunduma anayetamani kwenda kukiona Kimondo cha Mbozi kwa miguu, au mgonjwa wa kisukari aliyeshauriwa kuushughulisha mwili. Wa pili ni mtumishi wa afya. Huduma zinazofuata wananchi vijijini huitwa huduma za mkoba, na mahali ambapo gari wala pikipiki haifiki, mkoba huo hubebwa kweli, pamoja na kibebea chanjo. Kanuni zinazomlinda mtalii mgongo na magoti ndizo zinazomlinda muuguzi.

Mzigo na mwili

Kubeba mizigo kwa miguu si jambo geni katika nchi hizi. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19 walivuka Tanganyika wakiwa na mizigo iliyokaribia kilo 30. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya wanawake wa Kiluo na wa Kikuyu nchini Kenya, vilivyoonyesha kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati zaidi ya waliyotumia walipotembea bila mzigo. Tafiti za baadaye mahali pengine hazikuuona unafuu huo kwa kila mbebaji. Wanawake waliopimwa Kenya walikuwa wamezoea kubeba tangu utotoni. Kwa hiyo, anayeanza ukubwani asijipime kwa mzigo wa aliyezoea.

Kwa anayeanza, mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 aanze na kilo 6, na hata baada ya kuzoea asivuke kilo 12, yaani sehemu moja ya tano. Ikumbukwe kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Maji ya siku moja peke yake yanaweza kuchukua nusu ya kiwango cha mwanzo.

Namna ya kupakia ina uzito sawa na kiasi kinachopakiwa. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, kati ya mabega. Vyepesi, kama nguo na blanketi, viwekwe chini na pembeni. Mkanda wa kiuno ukazwe juu ya mifupa ya nyonga ili sehemu kubwa ya uzito ibebwe na nyonga na miguu, na mikanda ya mabega ibaki kulituliza shanta lisiyumbe. Shanta lisilo na mkanda wa kiuno likijazwa kupita kiasi hubana mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kuelekea mkononi. Dalili zake ni ganzi, mkono kukosa nguvu, na kushindwa kuuinua begani. Mwenye dalili hizo atue mzigo mara moja, wala asiubebe tena kabla ya kupimwa. Wengi hupona, lakini uponaji unaweza kuchukua wiki au miezi.

Wiki nane za maandalizi

Moyo na mapafu hujenga uwezo ndani ya wiki chache. Kano na mifupa huchelewa. Hapo ndipo wanaoanza kwa pupa huumia: pumzi inawaruhusu, magoti yanakataa.

Katika wiki 2 za kwanza, msafiri atembee bila mzigo kwa dakika 30 hadi 45, siku 4 kwa wiki. Wiki ya 3 na ya 4 abebe shanta la kilo 3, na mara moja kwa wiki atembee saa 2. Wiki ya 5 na ya 6 aongeze hadi kilo 5 au 6 na kutafuta njia yenye miinuko. Wiki ya 7 afanye safari ya kutwa akiwa na mzigo kamili. Wiki ya 8 apunguze mazoezi ili mwili upumzike. Kasi ipimwe kwa mazungumzo: anayeshindwa kumaliza sentensi bila kuhema anakwenda mbio kuliko uwezo wake.

Safari ya kwanza ya kulala nje iwe ya usiku mmoja, karibu na barabara au kijiji chenye zahanati, pamoja na mwenzake mmoja au zaidi. Mtu anayebaki nyumbani aambiwe njia itakayopitwa na saa ya kurejea. Majira yafaayo ni ya kiangazi, baina ya Mei na Oktoba, ingawa usiku wa Juni na Julai katika nyanda za juu huhitaji nguo nzito na kivazi cha kukinga upepo.

Maji, joto na baridi

Katika mwendo wa wastani, nusu lita ya maji kwa saa huwatosha wengi. Penye joto, kama kuelekea Ziwa Rukwa, mahitaji huongezeka. Kunywa maji mengi kupita kiu kwa saa nyingi bila kula chochote kuna hatari pia, kwa kuwa chumvi ya damu hushuka na mtu huumwa kichwa, hutapika na kuchanganyikiwa. Maji yanywewe pamoja na chakula chenye chumvi.

Maji ya mito na visima yachemshwe hadi yatokote kwa dakika 1, na dakika 3 mahali palipo juu ya mita 2,000, au yatiwe dawa ya klorini kama kifungashio kinavyoelekeza. Anayeharisha atumie ORS. Ikikosekana, achanganye lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Kuoga au kuvuka kwa miguu mitupu katika maji yaliyotuama huweza kuleta kichocho.

Baridi huua hata katika nchi ya jua. Mtu aliyeloa mvua, akapigwa na upepo mlimani, hupoteza joto upesi. Akianza kutetemeka, kujikwaa na kusema maneno yasiyoeleweka, avuliwe nguo mbichi, afunikwe na kupewa kinywaji cha moto chenye sukari iwapo anaweza kumeza. Kwa upande mwingine, aliyezidiwa na joto hadi kuchanganyikiwa awekwe kivulini, amwagiwe maji na kupepewa huku safari ya hospitali ikipangwa.

Miinuko ya Songwe kwa kawaida haileti ugonjwa wa kimo, ambao huanza kuonekana juu ya mita 2,500. Anayepanga baadaye kupanda Mlima Rungwe wenye takriban mita 2,960, au Kilimanjaro wenye mita 5,895, ajue kwamba kuumwa kichwa pamoja na kichefuchefu mlimani ni amri ya kutopanda zaidi. Dalili zikizidi, ni kushuka.

Wadudu, nyoka na popo

Anayeshukia bondeni alale ndani ya chandarua chenye dawa na kuvaa mikono mirefu jioni. Homa inayotokea kuanzia wiki moja hadi miezi mitatu baada ya safari ipimwe malaria siku hiyohiyo, na mgonjwa amweleze mhudumu mahali alikolala.

Aliyeumwa na nyoka atulizwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kilichoumwa kizuiwe kutikisika, na abebwe hadi hospitali. Asichanjwe, jeraha lisinyonywe, wala asifungwe kamba ya kukaza.

Mapango yenye popo yasiingiwe. Vumbi la kinyesi chao huweza kubeba kuvu wanaoshambulia mapafu, na baadhi ya popo wala matunda hubeba virusi vya Marburg. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa ugonjwa huo baada ya kuingia katika pango la popo nchini Uganda.

Mwenye ugonjwa wa kudumu

Ugonjwa wa kudumu haumfungii mtu nyumbani, bali humtaka ajiandae zaidi. Mwenye shinikizo la juu la damu asianze kubeba mzigo kabla shinikizo halijadhibitiwa. Anayetumia dawa za kuongeza mkojo aulize kuhusu hatari ya kupungukiwa maji. Mwenye pumu aweke dawa ya kuvuta mfukoni, si chini ya shanta. Anayetumia ARV abebe akiba ya siku za ziada.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari apange dozi na mlo pamoja na daktari, kwa maana mwendo mrefu hushusha sukari hata usiku unaofuata. Akitetemeka, akitoka jasho la ghafla au akichanganyikiwa, apewe vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari katika maji, na hali yake itazamwe tena baada ya dakika 15. Kila jioni akague nyayo kwa macho, kwa sababu mguu uliopoteza hisia hautoi taarifa ya lengelenge. Mwenye selimundu asianze bila ushauri wa kliniki yake: baridi, kiu na uchovu huamsha maumivu makali.

Dalili za kusitisha safari

Safari isitishwe na msaada utafutwe iwapo kuna maumivu ya kifua, kuzimia, kuhema hata baada ya kupumzika, homa, uvimbe wa mguu mmoja, au mkojo wa rangi ya chai nzito baada ya mwendo mkali. Dalili hiyo ya mwisho huashiria kuvunjika kwa misuli, na huweza kuharibu figo. Maumivu ya kawaida ya mapaja baada ya mteremko huisha ndani ya siku 3 hivi.

Maswali ya kujipima

1. Mteja wa kilo 70 ameanza mazoezi leo. Abebe mzigo usiozidi kilo ngapi, na mkanda upi ubebe uzito mkubwa?

2. Muuguzi aliyerejea kutoka huduma ya mkoba hawezi kuinua mkono wa kulia begani, lakini hakuanguka. Ni swali gani la kwanza la kumwuliza, na apewe ushauri gani kuhusu mzigo?

3. Mgonjwa wa kisukari anataka kulala usiku mmoja milimani Ileje. Taja vitu vitatu vya kukagua pamoja naye kabla hajaondoka, na kimoja cha kukagua kila jioni.